Mfumo wa sehemu sita, kwa sababu tulikuwa watu sita

Katika vyuo vingi vinavyofundisha sayansi ya kompyuta, mwanafunzi hupangwa na wenzake ambao hakuwachagua, wakapewa muhula mmoja na maelezo ya kurasa chache, kisha wakaambiwa kwamba mwishoni iwepo programu inayofanya kazi. Kikundi chetu kilikuwa na watu sita, na kazi yetu ilikuwa kutengeneza mfumo wa kutunza hesabu za VICOBA, yaani vikundi vya wanajamii vya kuweka akiba na kukopeshana: usajili wa wanachama, hisa, mikopo, marejesho, ripoti ya mwisho wa mzunguko, na ujumbe mfupi wa kumkumbusha mkopaji siku ya kulipa. Ukihesabu utaona ni mambo sita. Hatukujiuliza kama mfumo wenyewe unataka kukatwa hivyo. Tuligawana kama watu wanavyogawana nyama ya ng'ombe waliyemchangia, kila mmoja akabeba fungu lake na kwenda zake.

Melvin Conway, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliandika mwaka 1968 kwamba taasisi inayosanifu mfumo hutoa usanifu unaofuata jinsi watu wake wanavyowasiliana. Darasani hoja hiyo husikika kama jambo la makampuni makubwa, lakini kwetu ilitimia kwa watu sita tu. Waliosimamia hisa na mikopo walikaa chumba kimoja cha hosteli, na sehemu zao zilipokezana taarifa bila taabu. Aliyeshughulikia ujumbe mfupi alikuwa akitokea nyumbani, mbali na chuo, tukionana naye siku za vipindi peke yake, na sehemu yake ndiyo iliyogoma.

Iligoma kwa jambo dogo sana. Mwenzetu wa usajili alitunza namba ya simu kwenye hifadhidata kama namba ya kuhesabia, kwa hiyo sifuri ya mwanzo ikadondoka, na mwanachama aliyejiandikisha kwa namba inayoanza na 07 akabaki na 7. Mwenzetu wa ujumbe naye aliandika msimbo unaotarajia maandishi yanayoanza na 255. Kila mmoja alijaribu kazi yake kwa data aliyoitunga mwenyewe, ikapita. Waliposema kwamba kwao inafanya kazi, wote wawili walisema kweli. Tulipounganisha, karibu na siku ya uwasilishaji, hakuna ujumbe hata mmoja uliomfikia mtu, na mabishano ya kwanza yakawa juu ya nani abadilishe, wala si juu ya namba itunzwe vipi. Namba ya simu haijumlishwi wala haigawanywi, hivyo ilipaswa kutunzwa kama maandishi tangu mwanzo, na hilo lingemalizwa kwa mazungumzo mafupi kabla mtu yeyote hajafungua kompyuta.

Msomaji ataniuliza kama hatukuwa na Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo na kuunganisha kazi za waandishi wake. Tulikuwa nayo, ila kila mmoja alijifungia kwenye tawi lake, yaani nakala ya pembeni ambayo bado haijaunganishwa na za wenzake, muhula mzima. Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo endeshi wa Linux, alianza kuiandika Git mwezi Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa Linux kupoteza ruhusa ya kutumia bila malipo BitKeeper, programu waliyokuwa wakiitumia kwa kazi hiyo hiyo, kwa sababu alihitaji njia ya haraka ya kuunganisha kazi za watu wengi walio mbalimbali. Sisi chombo hicho tulikigeuza kabati la kufungia vitu.

Isitoshe, Git ina mpaka ambao wanafunzi wengi huuona wakiwa wamechelewa. Watu wawili wakibadilisha mistari ileile, itakuwekea toleo lako chini ya alama <<<<<<<, mstari wa ======= katikati, na toleo la mwenzako hadi >>>>>>>, kisha ikuachie uamuzi. Mgongano wa namba zetu za simu haikuuona kabisa, kwa kuwa ulikuwa kwenye mafaili mawili tofauti; Git hulinganisha mistari, maana ya kilichoandikwa haiijui. Ilituonya kuhusu rangi ya kitufe, ikanyamaza kuhusu hitilafu iliyouangusha mfumo.

Kuhusu alama, nina lalamiko. Mchango wetu ulipimwa kwa kuhesabu mabadiliko yaliyorekodiwa kwa jina la kila mmoja, na kwa kipimo hicho aliyerekebisha nafasi za mistari mara kwa mara alionekana mchapakazi, ilhali mwenzetu aliyesoma msimbo wa wote hadi akaigundua ile sifuri iliyodondoka alionekana mvivu. Ningekuwa mwenye kutunga zoezi hili, ningedai mfumo uliounganishwa uonyeshwe tangu wiki ya pili, hata kama unaweza tu kusajili mwanachama mmoja na kumtumia ujumbe mmoja. Na siku ya uwasilishaji ningemtaka kila mwanafunzi aeleze sehemu iliyoandikwa na mwenzake, achaguliwe papo hapo, ili asiwepo wa kujibu kwamba hiyo haikuwa kazi yake.