Siku moja maishani mwangu: kuotesha njia inayong'aa gizani

Saa 12 asubuhi nakagua sahani za kuvu. Watu wakiona kuvu wangu waking'aa hudhani ni rangi ya kung'aa, au kuna taa imefichwa mahali. Hakuna taa. Ni Panellus stipticus, uyoga mdogo unaoota kwenye magogo, na lazima uwe wa asili ya Amerika Kaskazini, maana wa Ulaya hauwaki ingawa ni spishi ileile. Sahani yenye doa la ukungu wa kijani naitoa chumbani bila kuifunua. Ukiifunua humo ndani, umepanda ukungu kwenye sahani zote.

Saa 2, chakula cha kuvu: maji lita 1, dondoo ya kimea gramu 20, agari (unga wa mwani unaogandisha) gramu 15, dakika 20 kwenye sufuria ya presha kwa nyuzi 121. Namimina kwenye sahani chupa ikishashikika kwa mkono. Ikiwa bado ya moto, mvuke hugeuka matone kwenye kifuniko, na matone hueneza bakteria.

Saa 4 ni mifuko ya kuoteshea kuvu. Unga wa mbao ngumu sehemu 4, pumba sehemu 1. Ukikamua kiganjani yatoke matone mawili matatu, si mchirizi. Inakaa kwenye presha kwa muda wa saa mbili na nusu.

Yote haya ni kwa ajili ya vipande 40 vya mti wenye kuvu vitakavyopangwa kwenye ukumbi wenye giza. Wazo limetoka kwa Olaus Magnus, mwandishi wa Uswidi, aliyeandika mwaka 1555 kwamba watu wa kaskazini ya mbali waliweka magamba ya mwaloni uliooza njiani msituni, yawaonyeshe njia ya kurudi. Nataka mgeni atembee vivyo hivyo, hatua kwa hatua.

Saa 8 mchana anafika mwenye ukumbi. Anataka kila kipande kiwekwe ndani ya kioo kilichozibwa kabisa kwa silikoni, kisinuke wala kukauka. Namweleza kwamba lusiferini, yaani kemikali ya kuvu inayong'aa, hutoa nuru ikikutana na oksijeni kwa msaada wa kimeng'enya. Ukiziba hewa, umeizima. Mwanasayansi Robert Boyle alilionyesha hilo mwaka 1667: alinyonya hewa kwenye chombo chenye mti unaong'aa, nuru ikapotea, na hewa iliporudishwa nayo ikarudi. Anakubali, kisha anauliza tena kuhusu silikoni. Tunaishia kwenye matundu manne ya milimita 6 kila kioo, yaliyozibwa kwa pamba ya sintetiki: hewa inapita, mbegu za ukungu hazipiti.

Halafu hali ya hewa ya ukumbi. Anataka baridi kali. Nyambizi ya Kimarekani Turtle ya mwaka 1775 ilitumia kuvu wa namna hii kuangazia dira, na baridi ikaufifisha mwanga wake. Nyuzi 20 hadi 25, siteremki hapo.

Tunaingia chumba cha giza. Dakika 2 tu, anasema haoni kitu. Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30, na simu yake ikiwaka mfukoni tunaanza upya. Imewaka mara tatu. Anauliza kijani cha kwenye picha kiko wapi. Kile ni cha kamera iliyoachwa wazi dakika nzima au zaidi. Seli za jicho zinazoona gizani hazitambui rangi, kwa hiyo utaona weupe wa kijivu, kama moshi uliotulia juu ya mti. Anaomba taa ya urujuanimno iongeze nguvu. Nakataa: kuvu huyu harudishi mwanga wa mtu, anatoa wake. Miguu inaniuma kwa kusimama. Kisha ananyamaza, na baada ya muda nasikia, "Kumbe ule pale."

Sijui ni saa ngapi ninapoanza kunyunyiza. Huenda saa 4 usiku. Maji yaliyochemshwa na kupozwa, manyunyu mepesi tu, kwa sababu tone zito huozesha. Kipande cha 17 kina kona nyeusi iliyokauka. Ikilowana polepole, mara nyingi nuru hurudi. Nakifunika kwa kitambaa chenye unyevu na kuandika namba yake mlangoni.