Jinsi Nilivyoutambua Mgahawa Uliobomolewa kwa Kutumia Picha Moja

Picha iliyonianzishia kazi hii ni ya mraba, sentimita sita kwa sita, na ndani yake wamesimama wahudumu saba wenye makoti meupe mbele ya mlango wa mgahawa. Wa tatu kati yao ni babu yangu mzaa baba. Nyuma ya picha hapakuwa na jina la mtu, jina la mtaa wala tarehe, na jengo lenyewe lilikwisha kubomolewa kabla sijazaliwa. Nilichokuwa nacho ni kauli ya shangazi yangu tu, kwamba babu aliwahi kuhudumia meza "pale mjini, kwenye kona", na kwamba aliacha kazi hiyo jengo lilipouzwa. Ilinichukua miezi kumi na minne kuijua kona hiyo. Sehemu kubwa ya miezi hiyo ilipotea kwa makosa yangu mwenyewe, na ndiyo maana nayaeleza hapa kwa kirefu kuliko mafanikio.

Kosa la kwanza lilikuwa katika namna nilivyouliza. Niliwaendea wazee watatu walioujua mji wa zamani, nikiwa na picha mkononi na jina la mgahawa mmoja maarufu mdomoni. Sikuwauliza hapa ni wapi. Niliwauliza kama hapa sipo pale nilipodhani. Mzee wa kwanza aliitazama picha kwa muda mrefu, akasita, kisha akasema, "Naam, mwanangu, ndipo penyewe." Wa pili na wa tatu niliwaeleza kwamba mwenzao ameshakubali, nao wakakubali. Nilirudi nyumbani nimeridhika kabisa, nikaandika jina hilo nyuma ya picha kwa kalamu ya wino, nikikandamiza kiasi kwamba hadi leo mstari wa herufi moja umejitokeza upande wa mbele, juu ya bega la mhudumu wa mwisho. Kila ninapoitoa picha hiyo, jicho langu huenda hapo kwanza.

Wiki chache baadaye niliona ramani ya zamani ya viwanja vya katikati ya mji. Mgahawa ule maarufu ulikuwa umebanwa katikati ya safu ya majengo, ukuta wake umeungana na wa jirani huku na huku, ilhali jengo la kwenye picha yangu linapinda kona waziwazi: roshani inazunguka, mfereji wa maji ya mvua unazunguka, na jiwe la ukingo wa njia ya miguu limechongwa kwa umbo la upinde. Hakuna mzee aliyenidanganya. Mimi ndiye niliyewapa jibu kabla ya swali, na kumbukumbu ya miaka mingi ikishapewa jina huwa inajipanga kulifuata jina hilo.

Baada ya hapo niliacha kuuliza watu kwa muda, nikaanza kuichunguza picha yenyewe kama kitu: karatasi yake, kingo zake na mgongo wake. Ukubwa wake ulionyesha kwamba ilichapishwa kwa kulaza negativu, yaani filamu iliyopigiwa picha, moja kwa moja juu ya karatasi bila kukuzwa, na umbo hilo la mraba lilienea baada ya kamera ya Rolleiflex kuingia sokoni mwaka 1929. Sehemu zake za giza, hasa pembezoni, zilikuwa na mng'ao wa fedha wenye rangi ya samawati kila nilipozielekeza kwenye mwanga, dalili inayoonekana mara nyingi kwenye picha za zamani za nyeusi na nyeupe ambazo fedha yake imepanda juu ya karatasi. Tena karatasi hiyo haikuwa na utando wa plastiki ulioanza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo nilipata mipaka miwili ya muda, mipana lakini ya kutegemewa, na tangu siku hiyo sijawahi tena kutafuta tarehe moja ya picha kabla ya kutafuta mipaka yake. Jengo linalojulikana lilijengwa lini na liliondoka lini ni mpaka mzuri kuliko nguo na mitindo ya nywele. Mnara wa Singer mjini New York ulikamilika mwaka 1908, ukiwa mrefu kuliko majengo yote duniani wakati huo kwa mita zake 187, na ukabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1960; picha yoyote inayouonyesha ukiwa kamili lazima ikae kati ya miaka hiyo. Vivyo hivyo, picha ya kusini mwa London yenye Crystal Palace, lile jumba kubwa la vioo, haiwezi kuwa ya baada ya moto wa Novemba 1936.

Kadi za posta zina mipaka yake pia. Mwanzoni nyuma ya kadi paliachiwa anwani peke yake, na ujumbe ukaandikwa kwa kubanana upande wa picha. Uingereza iliruhusu mwaka 1902 upande wa nyuma ugawanywe kwa mstari, nusu ujumbe na nusu anwani, na Marekani ikafuata Machi 1907. Lakini muhuri wa posta hueleza tu siku ambayo kadi ilitumwa. Picha iliyo juu yake inaweza kuwa imepigwa miaka mingi nyuma, wakati mwingine kabla ya jengo kuongezewa ghorofa.

Niliskani picha ya babu kwa nukta 1200 kwa kila inchi, nikapata takriban pikseli 2,800 kila upande, kisha nikaigawa katika vipande na kukikagua kimoja kwa siku. Hapo ndipo mambo yaliyokuwa madoa yakawa vitu. Juu ya mlango palikuwa na ubao wa jina, lakini turubai la kivuli lilifunika sehemu yake ya kushoto, na herufi zilizobaki zilikuwa tatu, zikisomeka TOH. Kulia kulikuwa na baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Mbali nyuma, juu ya mapaa, ulionekana mnara wa saa, uso wake hauna tarakimu bali vistari tu, na mishale yake ikionyesha saa nane na dakika ishirini. Mbele ya mnara huo lilipita paa lenye pembetatu ya mawe.

Mnara upo mpaka leo, na paa lile lipo. Laiti ningeanza na vitu hivyo viwili siku ya kwanza, ningeokoa karibu nusu mwaka, kwa kuwa mtu anayetafuta jengo lililotoweka hushawishika kulikodolea macho jengo hilo tu, ambalo ndilo kitu pekee katika picha kisichoweza kupatikana tena, na kuyapita majirani zake ambayo bado yanasimama juani yakisubiri kulinganishwa. Niliichapisha picha kwa ukubwa wa karatasi ya kawaida, nikaanza kutembea nayo mitaa yote ambayo kutoka humo paa lile huonekana mbele ya mnara. Nilifanya hivyo Jumapili sita. Kila nilipopata mahali ambapo vitu hivyo viwili vilikaribiana, mnara ulikuwa kulia kwa paa. Kwenye picha ulikuwa kushoto. Nilitafuta pia, katika vitabu vya simu vya zamani, mgahawa wowote ambao jina lake liliishia na TOH, nisipate hata mmoja.

Jibu lilikuja jioni moja nilipokuwa nikikagua kipande chenye kifua cha babu. Koti lake lilikuwa na mfuko mmoja wa juu wenye kalamu, na mfuko huo ulikuwa upande wake wa kulia. Nilishika shati langu mwenyewe: mfuko upo kushoto, upande wa moyo, kama ulivyo kwenye mashati na makoti karibu yote ya wanaume. Nikawatazama wale wengine sita, na wote mifuko yao ilikuwa kulia. Vifungo navyo vilifungwa kinyume, upande wa kulia ukilala juu ya wa kushoto. Nikaenda kwenye baiskeli. Mnyororo wa baiskeli hukaa upande wa kulia wa mwendeshaji, kwa hiyo ukiuona mnyororo, gurudumu la mbele linapaswa kuelekea mkono wako wa kulia. Hapa mnyororo ulionekana wazi na gurudumu la mbele lilielekea kushoto. Mchapishaji alikuwa ameilaza negativu kwa upande usio wake, na picha nzima ilikuwa imegeuka kama ionekanavyo kwenye kioo.

Kilichonishangaza ni jinsi picha iliyogeuka inavyokubaliana na nafsi yake. Herufi H, O na T zina umbo lile lile ukizitazama kwenye kioo, kwa hiyo HOT iligeuka TOH na hakuna herufi moja iliyonitahadharisha. Saa isiyo na tarakimu iliyoonyesha saa nne kasoro dakika ishirini asubuhi ilisomeka saa nane na dakika ishirini mchana, na vivuli vilivyoanguka upande mmoja asubuhi vilikubaliana na mchana wa uongo upande wa pili. Kama picha isingekuwa na nguo wala baiskeli, ningeweza kuzunguka mji huo mwaka mwingine. Jambo hili ni la zamani kama upigaji picha wenyewe. Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya Boulevard du Temple mjini Paris, ambayo inajulikana kwa kumwonyesha mtu aliyesimama akisafishiwa viatu huku wapita njia wengine wote wakifutika kwa sababu hawakutulia kwa muda ambao bamba lilihitaji kupokea mwanga. Mabamba ya aina hiyo hutoa taswira iliyogeuka, na anayetaka kuyapanga majengo ya mtaa ule, ambao sehemu yake kubwa ilivunjwa baadaye katika ujenzi mpya wa Paris uliosimamiwa na Haussmann, hana budi kuigeuza kwanza.

Niliigeuza ya kwangu kwenye kompyuta, nikaichapisha upya, na Jumapili iliyofuata nikapata mahali penyewe kabla ya saa sita mchana. Njia niliyotumia ni kulinganisha vitu viwili vya umbali tofauti. Kwenye picha, ncha ya paa la pembetatu iliukata mnara chini kidogo ya uso wa saa. Ukisogea hatua tatu kushoto, ncha hiyo inahama na kuacha ukuta wa mnara wazi. Ukisogea mbele sana, inapanda na kuila saa. Kuna eneo dogo tu, upana wa meza ya kulia, ambamo vinakaa kama vilivyokaa siku ile mpiga picha aliposimama hapo, na nilipolipata nilijikuta nimesimama upande wa pili wa barabara, nikitazama kiwanja cha kuegesha magari.

Kujua mahali hakukutosha, kwa sababu kona moja inaweza kuwa na majengo mawili au matatu kwa kufuatana. Yapo majiji yaliyobahatika katika hili. New York ilipiga picha karibu kila jengo lake kati ya 1939 na 1941 kwa ajili ya kodi, mbele ya kila moja pakiwekwa ubao wenye namba za kitalu na kiwanja, na Paris ilimwajiri Charles Marville kupiga picha mitaa ya zamani iliyokuwa ikingoja kuvunjwa. Miji mingi ya Marekani ina ramani za bima ya moto za kampuni ya Sanborn, ambapo waridi ni tofali, njano ni mbao na buluu ni jiwe, kiasi kwamba mtu anaweza kulikataa jengo kwa rangi tu. Mimi nilikuwa na ramani ya viwanja na vitabu vya simu. Ramani ilinipa namba ya jengo kwenye kona hiyo. Katika vitabu vya simu niliacha kurasa za migahawa, nikafungua za hoteli, kwa kuwa sasa nilijua kwamba ubao ule ulianza na HOT na kwamba turubai lilificha herufi zilizofuata upande wa kulia. Hoteli ilikuwepo, namba ile ile, mtaa ule ule ukiwa na jina lake la zamani. Mgahawa alikofanya kazi babu ulikuwa ghorofa ya chini ya hoteli hiyo na haukuwahi kuwa na namba yake ya simu, ndiyo sababu sikuuona hata mara moja.

Safari hii nilimtafuta mtu wa kuuliza kwa adabu nyingine. Nilimpelekea bibi mmoja aliyewahi kuishi mtaa wa nyuma picha iliyogeuzwa sawasawa, nikamuuliza tu, "Bibi, hapa unapakumbuka?" Alinyamaza. Kisha akaweka kidole nje ya ukingo wa picha, kushoto, mahali ambapo hapakuwa na kitu, akasema, "Hapa palikuwa na ngazi ya chuma, wahudumu walikuwa wakikaa kupumzika." Kwenye ramani ya viwanja, upande huo huo wa jengo, umechorwa mstatili mwembamba wenye vistari vya ngazi. Sikuwa nimemwonyesha ramani hiyo.

Picha ya asili sasa imo kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, na maelezo yote nimeyaandika juu ya bahasha kwa penseli laini kabla ya kuiingiza picha: mahali, namba ya kiwanja, mipaka miwili ya muda, na maneno "imechapishwa kinyume". Jina la uongo nililoandika nyuma kwa wino sikulifuta, maana kulifuta kungeichana karatasi. Nimelitaja kwenye bahasha kwamba si sahihi na kwamba niliandika mimi. Kisha nilimpeleka shangazi pale kwenye maegesho ya magari. Lami imefunika kila kitu isipokuwa lile jiwe la ukingo lililochongwa kwa upinde, ambalo hakuna aliyejisumbua kuling'oa. Shangazi alisimama juu yake, nami nikavuka barabara kwenda kumpiga picha kutoka mahali pale pale.