Miguu au kichwa?

Jana binti yangu alirudi akiikokota baiskeli, akaniuliza, "Baba, mtu akichoka, inachoka miguu au kichwa?" Nikamwambia akanawe mikono.

Nimeuliza hilo swali mwenyewe zamani, kwa sababu ya kinyozi wangu, mtu wa madau. Safari ile aliweka dau kwamba nitaweza Arusha hadi Moshi na kurudi siku moja, kilomita 80 kwenda, 80 kurudi, mimi na baiskeli ya Phoenix ya marehemu babu. Kwenda ni kushuka, unajiona bingwa. Moshi nilikula ndizi mbili nikageuza. Boma Ng'ombe sawa, njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA sawa. Kikatiti nikaanza kuwachukia watu wasionikosea kitu.

Kufika kijiji cha Maji ya Chai nikazima. Wala siyo maumivu. Naukanyagisha mguu, haukanyagi, kama natuma mtoto wa jirani. Nikajitupa juu ya kreti la soda kwenye genge la mama mmoja. Mapaja yanachezacheza yenyewe chini ya ngozi, kama panya ndani ya gunia. Kidole cha mwisho na cha pete, mkono wa kushoto, vimekufa ganzi. Hata chupa inaniponyoka. Mama akanishikia Fanta mdomoni. "Usigugumie baba, utatapika. Sukutua kwanza." Nikasukutua, nikatema vumbini. Nikasukutua tena, nikatema. Tumboni halijaingia hata tone, nikashtuka nimesimama, nimeshika usukani.

Ganzi ilikaa wiki mbili, vifungo vya shati nafungwa na mke wangu. Tabibu alisema ni mshipa wa fahamu wa kiganjani, niliulalia kwenye usukani saa nyingi. La soda nililisoma baadaye sana: mwaka 2004 watafiti wa Uingereza waliwapa waendesha baiskeli maji ya wanga wasukutue na kutema tu, na katika mbio za kama saa moja wakaongeza kasi kwa karibu asilimia 3. Inaelekea mdomo huupa ubongo habari kwamba chakula kinakuja, nao unalegeza breki.

Kwa hiyo nguvu zilikuwepo? Sijui nimjibu nini mtoto, maana sukari ya kwenye misuli nayo huisha kweli, na Tengeru nilizima tena. Soda ya pili niliimeza yote, haikusaidia.

Konda wa Hiace alinitoza nauli ya watu wawili, mimi na Phoenix. Kinyozi alilipa dau.