Bomba la Alumini, Banda la Mabati na Mkataba wa 1868

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kusimamia matengenezo ya majengo, nayo imenipa tabia moja: nikikabidhiwa mpango wowote wa ukarabati, kabla sijaangalia jumla ya fedha ninatafuta kwanza ni nani atakayepanda paani mwaka unaofuata kuzibua mifereji. Mara nyingi simwoni. Ndivyo nilivyoisoma pia sheria ya Marekani iitwayo Great American Outdoors Act, ambayo Seneti iliipitisha kwa kura 73 dhidi ya 25, Baraza la Wawakilishi kwa kura 310 dhidi ya 107, na Rais Donald Trump akaitia saini tarehe 4 Agosti 2020. Kwa jumla ninaiona kuwa sheria nzuri. Hata hivyo imetia katika kapu moja madeni mawili yasiyofanana, la hifadhi za taifa na la shule za wenyeji asilia, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza hapa.

Sheria hiyo ilianzisha mfuko wa kukarabati miundombinu iliyochakaa. Kwa kila mwaka wa fedha kuanzia 2021 hadi 2025, mfuko ulitengewa nusu ya mapato ya nishati ya serikali ya shirikisho ambayo hayakuwa yamepangiwa matumizi mengine, yaani mapato yatokanayo na mafuta, gesi, makaa ya mawe na nishati jadidifu katika ardhi na bahari zake, ilimradi kiasi hicho kisizidi dola bilioni 1.9 kwa mwaka. Asilimia 70 ilikwenda kwa Idara ya Hifadhi za Taifa, asilimia 15 kwa Idara ya Misitu, na taasisi tatu zilizobaki zikapata asilimia 5 kila moja: Idara ya Samaki na Wanyamapori, Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi, na Ofisi ya Elimu ya Wenyeji Asilia, inayojulikana kwa herufi BIE. Mfuko ukijaa kabisa, asilimia 5 ilikuwa dola milioni 95, na kwa upande wa BIE fedha hizo zilikusudiwa shule 183 zilizotawanyika katika majimbo 23.

Katika lugha ya serikali, kazi inayosubiri huitwa matengenezo yaliyoahirishwa. Mafundi niliofanya nao kazi huiita kiporo, na ninadhani wao ndio walio karibu zaidi na ukweli, kwa sababu neno kuahirisha hudokeza kwamba kuna tarehe nyingine iliyopangwa, ilhali kiporo hukaa tu kikichacha. Kiporo cha hifadhi za taifa za Marekani kilikadiriwa kuwa karibu dola bilioni 12 mwaka 2018. Kufikia mwaka 2022, mfuko ukiwa tayari umeanza kutoa fedha, makadirio yalikuwa yamevuka dola bilioni 22. Sehemu ya ongezeko hilo inatokana na kubadilika kwa namna ya kukadiria na kupanda kwa gharama za ujenzi, kwa hiyo si haki kusema kwamba fedha zilipotea njiani. Lakini iko sababu nyingine iliyo ya zamani zaidi. Kati ya mwaka 1956 na 1966, idara ilitekeleza mpango mkubwa wa ujenzi ulioitwa Mission 66, ukiwa na lengo la kuziandaa hifadhi kwa jubilei ya miaka 50 ya idara yenyewe. Barabara, vituo vya wageni, mabomba na nyumba za watumishi vilijengwa kwa wingi ndani ya muongo mmoja, na vitu vilivyozaliwa pamoja huzeeka pamoja.

Mfano ninaoupenda, ikiwa mtu anaweza kulipenda bomba linalovuja, ni bomba kuu la maji la Grand Canyon huko Arizona. Lilijengwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 na kukamilika mwaka 1970. Lina urefu wa maili 12.5, yaani kilomita 20 hivi, na limetengenezwa kwa alumini. Maji hutoka katika chemchemi za Roaring Springs chini ya ukingo wa kaskazini, hushuka kwa nguvu ya mteremko hadi chini ya bonde, huvuka mto Colorado juu ya daraja la waenda kwa miguu, kisha hufika Havasupai Gardens, ambako pampu huyasukuma kupanda hadi ukingo wa kusini wenye hoteli na wageni wengi. Tangu mwaka 2010 bomba hilo limepasuka vibaya zaidi ya mara 85. Fundi haendi huko na gari la vifaa. Yeye na vipuri vyake hupelekwa kwa helikopta, na hufanya kazi katika korongo ambalo kiangazi chake kinaweza kumuua mtu asiyejihadhari. Mwishoni mwa Agosti 2024, baada ya bomba kupasuka sehemu kadhaa kwa mfululizo, wageni hawakuruhusiwa kulala katika hoteli za ukingo wa kusini kwa siku kadhaa, tena katika wikendi ambayo Wamarekani husafiri kwa wingi. Kazi ya kulibadilisha ilianza mwaka 2023 kwa gharama inayofikia dola milioni 208. Mtu aliyewahi kuziba bomba lilelile kwa mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja, kwa sababu mwenye jengo hakutaka kusikia habari za bomba jipya, ataelewa jinsi nilivyoyasoma maelezo haya. Mimi nimewahi kuwa fundi huyo.

Jina la Havasupai Gardens lilianza kutumika rasmi mwaka 2022. Wahavasupai, kabila la wenyeji asilia, waliishi na kulima mahali hapo kabla ya kuondolewa ili hifadhi iendelezwe, na wa mwisho wao aliondoka mwaka 1928. Leo kijiji chao, Supai, kiko katika korongo jirani, na hufikiwa kwa miguu, kwa baghala au kwa helikopta, kwa njia ya maili nane kutoka mahali barabara inapoishia. Shule ya msingi ya hapo ni mojawapo ya shule za BIE. Mwaka 2017 wanafunzi wa kabila hilo walifungua kesi dhidi ya serikali ya shirikisho wakidai kwamba hawapewi elimu wanayostahili, kuanzia upungufu wa walimu hadi mahitaji ya watoto wenye ulemavu. Kwa hiyo katika eneo moja kuna bomba ambalo likipasuka habari zake husambaa nchi nzima, na kuna shule ambayo ilibidi watoto wenyewe waende mahakamani ndipo isikike.

Kuhusu majengo ya shule za BIE, mfano unaojulikana zaidi ni wa Minnesota, katika eneo la Leech Lake la Waojibwe, kabila jingine la wenyeji asilia. Shule ya sekondari ya Bug-O-Nay-Ge-Shig ilikuwa ndani ya banda la mabati, jengo ambalo halikukusudiwa kuwa darasa, na upepo mkali ulipovuma wanafunzi walilazimika kulikimbia na kuingia jengo lingine. Wakati wa baridi walisoma wakiwa wamevaa makoti. Viongozi wa kabila walipiga hodi Washington kwa miaka mingi, na hatimaye jengo jipya lililogharimu takribani dola milioni 12 likafunguliwa mwaka 2018, miaka miwili kabla ya sheria ninayoizungumzia. Mwaka 2017 wakaguzi wa Bunge la Marekani walikuwa tayari wameziingiza programu za serikali zinazowahudumia wenyeji asilia katika orodha yao ya maeneo yenye hatari kubwa ya usimamizi mbovu. Nyingi ya shule hizo 183 huendeshwa na makabila yenyewe kwa mkataba au ruzuku, lakini majengo kwa kawaida ni mali ya serikali ya shirikisho. Methali ya ufa na ukuta kila mtu anaijua, ila haisemi lolote kuhusu ukuta ambao anayeuona ufa ni mmoja na mwenye saruji ni mwingine.

Hapa ndipo madeni mawili yanapotengana. Hifadhi ya taifa ni kitu ambacho taifa liliamua kujipa. Likiiacha ichakae, linajidhulumu lenyewe. Shule ya kabila ina asili nyingine kabisa. Tarehe 1 Juni 1868, huko Fort Sumner, New Mexico, viongozi wa Wanavajo, nao pia kabila la wenyeji asilia, walitia saini mkataba na serikali ya Marekani uliowaruhusu watu wao kurudi katika sehemu ya nchi yao baada ya miaka ya kushikiliwa uhamishoni. Kifungu cha sita kiliahidi kwamba kwa kila watoto 30 wa kati ya miaka 6 na 16 wanaoweza kupelekwa shuleni, serikali ingetoa nyumba ya shule na mwalimu. Wanavajo walikubali mipaka iliyo finyu kuliko nchi waliyokuwa wameijua, na nyumba ya shule iliandikwa katika mkataba huohuo. Ni kweli kwamba shule zilizofuata, hasa za bweni, zilitumika kwa muda mrefu kuwapokonya watoto lugha zao, na sisomi kifungu kile kama zawadi. Ninakisoma kama ankara. Ankara haipangwi foleni pamoja na njia za kutembelea na viwanja vya kupigia kambi, kisha ikapewa asilimia 5.

Jambo jingine linalonisumbua ni katazo lililomo ndani ya sheria yenyewe, nalo lina mantiki yake: fedha za mfuko haziruhusiwi kuchukua nafasi ya bajeti ya matengenezo ya kawaida ya kila mwaka. Wabunge hawakutaka mfuko wa kumaliza viporo uwe kisingizio cha kupunguza bajeti ya kila siku, na katika hilo walikuwa sahihi. Matokeo yake ni kwamba mfuko unaweza kununua boila mpya, yaani mtambo wa kupasha jengo joto, ya shule iliyo mbali na mji wowote, lakini mtu wa kuihudumia boila hiyo analipwa kutoka bajeti nyingine, ile inayobishaniwa na kucheleweshwa kila mwaka. Boila isiyohudumiwa hufa mapema sana, na hakuna anayepiga picha siku ya kubadilisha kichujio.

Paa la kawaida la jengo la umma hudai kazi kubwa baada ya miaka 20 au 25. Paa la shule ile ya Leech Lake, basi, litadai ya kwake karibu na mwaka 2040. Mwanafunzi aliyeingia humo mwaka 2018 akiwa na miaka 14 atakuwa na miaka 36, na huenda mtoto wake atakuwa ameketi chini ya paa hilohilo.