Nimenunua nyumba na bado nalipa kodi ya nyumba

Jamani leo naandika na hasira kidogo mnivumilie. Dola 2,180. Pigeni kwa shilingi mwone wenyewe. Hiyo ni kodi ya nyumba huku Marekani, siyo ya kupanga, ni ile ya jengo unayolipa serikali kwa nyumba yako mwenyewe, tena ni nusu mwaka tu, nusu ya kwanza nilishalipa Septemba na hii mwisho wake ni tarehe 31 Machi. Halafu asubuhi hiyohiyo mdogo wangu wa Tanga ananirushia voisi ya dakika nne analalamika LUKU inamkata buku na mia tano kila mwezi ya kodi ya jengo, "kaka hii serikali inatumaliza". Nimeisikiliza mara mbili. Sijamjibu mpaka sasa.

Miaka tisa nilikaa apatimenti, kila tarehe moja namlipa mwenye nyumba, nikaapa kwa babu nitanunua yangu niachane na kodi ya nyumba. Haya nimenunua. Sasa nalipa benki mkopo, na juu yake nalipa kodi ya nyumba vilevile, tofauti ni kwamba mwenye nyumba wangu sasa ni kaunti, yaani kama halmashauri ya kwetu, na huyu hata bomba likipasuka haji. Wenzangu wengi benki inawakatia humohumo kwenye mkopo kila mwezi hawasikii maumivu, mimi kwa ujuaji wangu nikasema nitalipa mwenyewe.

Sasa bili peke yake ningeimeza kimya. Shida ni kwamba kwenye boksi la barua ilikutana na kadi kubwa inang'aa ya mbunge wetu, picha yake na mke, watoto na mbwa, chini imeandikwa aliyotufanyia: kodi, shule, ajira, usalama. Kwenye kodi anasema TUMESHUSHA, herufi kubwa kabisa. Nikasimama pale nje kwenye theluji mkono huu kadi mkono huu bili nacheka mwenyewe kama kichaa.

Kwa mliopo nyumbani: mimi nipo Des Moines, Iowa, mahindi na nguruwe mpaka macho yachoke. Jimbo huku siyo kama jimbo la uchaguzi la kwetu, Iowa yote ndio jimbo na ina bunge lake, wabunge 100 na maseneta 50, wanaanza kukaa Jumatatu ya pili ya Januari, ikifika Aprili au Mei wamemaliza kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Tangu 2017 chama cha Republican wameshika vyote, gavana na mabunge yote mawili, kwa hiyo wanachotaka kinapita. Huyu wetu ni mhafidhina wa kisawasawa, wa bunduki na Biblia na kodi ndogo. Jina lake halina umuhimu.

Bunge likiwa linaendelea wanakuwa na kikao na wananchi Jumamosi asubuhi, chetu kinafanyika maktaba ya umma. Sijawahi kwenda hata siku moja. Jumamosi iliyopita nikaikunja bili nikaitia mfukoni nikaenda.

Aisee. Mheshimiwa kaja anaendesha mwenyewe, pikapu ina matope mpaka kwenye vioo, kashuka kabeba boksi la donati kwa mikono yake miwili na mlango akaufungua kwa kiwiko. Hakuna msafara, hakuna wa kumbebea mkoba. Mshahara wake wa ubunge ni dola 25,000 kwa mwaka, yaani mimi dereva wa basi la shule nampita, na kiangazi akirudi kwake ana kazi yake nyingine. Nyie wa Dodoma na V8 zenu endeleeni tu mimi sitaki kesi.

Tulikuwa watu kama arobaini, weusi sita. Akaanza na kodi. Akasema mwaka 2022 asilimia ya juu kabisa ya kodi ya mapato hapa Iowa ilikuwa 8.53, kuanzia Januari 2025 ni 3.8 kwa kila mtu, na wastaafu pensheni zao haziguswi. Ni kweli tupu, siwezi kumpinga, hata kwenye mshahara wangu nimeiona, dola 21 kila wiki mbili. Ila nikanyoosha mkono. Nikatoa bili. Nikamwambia mheshimiwa, hizo 21 zako kwa mwaka ni 546, na kodi ya nyumba yangu tangu waje kuthamini upya 2023 imepanda dola 610, sasa nani amenishushia nini? Watu wakacheka, kuna bibi mmoja wa Kizungu kapiga makofi kabisa.

Hakukasirika. Akasema kodi ya nyumba siyo wao, ni kaunti na mji na wilaya ya shule, wao 2023 walipitisha sheria ya kuwabana wasipandishe ovyo. Ni kweli pia. Lakini nyie watu wa hesabu fikirieni: jimbo likipunguza pesa yake, shule na mji wataishi kwa nini? Watamgeukia mwenye paa. Na anayeingiza laki tano za dola kwa mwaka sasa analipa asilimia ileile ninayolipa mimi ninayeamka saa kumi usiku kukwangua barafu kwenye kioo cha basi. Hilo kwenye kadi halipo.

Hapa niweke neno kwa mnaopanga kununua nyumba huku. Msiulize bei ya nyumba tu, ulizeni kodi yake ya mwaka kabla hamjaipenda jikoni. Mkishahamia nendeni ofisi ya mthamini wa kaunti mjaze fomu ya nafuu ya nyumba unayoishi mwenyewe, ni mara moja tu, mimi nilikaa miaka miwili sijui. Na barua za thamani mpya zikija, ukiona wamekuzidishia unaruhusiwa kukata rufaa kuanzia tarehe 2 mpaka 30 Aprili. Mimi safari hii nakata.

Tukaingia shule, na hapa nilikaa ukingoni mwa kiti maana watoto ndio kazi yangu. Mwaka 2023 walipitisha sheria ya vocha, siyo ya simu. Mtoto akienda shule binafsi jimbo linamwekea pesa kwenye akaunti, mwaka wa masomo 2024-25 ilikuwa dola 7,826, mwanzo kulikuwa na kikomo cha kipato lakini kuanzia 2025-26 hata tajiri anachukua. Mwaka wa kwanza kama theluthi mbili ya waliochukua walikuwa tayari wanasoma binafsi, wazazi wao walikuwa wanalipa wenyewe vizuri tu. Yeye anaita uhuru wa mzazi.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja Mrundi, kitenge na koti juu, akanigusa bega. "Mwanangu, muulize, wangu ana ulemavu, hiyo shule ya binafsi inaweza kumkataa?" Nikasimama nikatafsiri. Chekeni kidogo, Iowa tangu 2002 ina sheria kwamba Kiingereza ndiyo lugha rasmi, na Kiswahili kikapigwa mle ndani sauti juu. Mbunge akamwangalia yule mama, siyo mimi, yule mama mwenyewe, akasema ndiyo, inaweza kumkataa, shule binafsi inachagua. Kavu hivyohivyo. Mama akatikisa kichwa akakaa. Sijui niseme nini, nilitaka kumchukia ila mwanasiasa wa kunipa jibu la maneno mawili sijamzoea.

Na mimi hilo linaniuma kwa sababu yangu. Mwanangu wa pili tulifika naye ana miaka minne hasemi. Akaja mtaalamu wa AEA, zile taasisi za elimu za kanda, mama wa Kizungu anakaa chini kwenye zulia letu kila wiki anamfundisha kusema "maji", bure, hata chai alikuwa anakataa. Leo huyo mtoto hanyamazi. Mwaka 2024 hawahawa wakapitisha sheria ya kupunguza nguvu za AEA na kuhamisha sehemu ya pesa zake. Kwa haki yake, sheria hiyohiyo ilipandisha kima cha chini cha mshahara wa mwalimu, dola 47,500 mwaka wa masomo 2024-25 na 50,000 kuanzia 2025-26. Walimu ninaowapelekea watoto wamefurahi. Mimi nawaza yule mama wa zulia.

Ajira alipita haraka na mimi napita haraka. Kazi zipo kweli, huku hukosi kazi kama una mgongo. Ila kima cha chini ni 7.25 kwa saa tangu 2008, na ukiachishwa kazi fidia ilikuwa wiki 26, tangu 2022 ni 16. Na 2023 wakaruhusu mtoto wa miaka 14 na 15 afanye kazi mpaka saa tatu usiku siku za shule wakati sheria ya taifa inasema saa moja. Mwanangu mkubwa kaileta hiyo nyumbani kama habari njema. Nimekataa, kesho yake basi langu linampitia saa kumi na mbili na nusu.

Usalama. Januari 4, 2024, siku ya kwanza kurudi kutoka likizo, mwanafunzi wa miaka 17 aliingia na bunduki shule ya mji wa Perry, kama kilomita 65 kutoka hapa. Mtoto wa darasa la sita akafa, mwalimu mkuu akafa siku chache baadaye, na huyo kijana akajimaliza. Mji wenyewe una watu kama 8,000, na Juni mwaka huohuo kampuni ya nyama ya Tyson wakafunga kiwanda cha nguruwe pale, kazi kama 1,300. Mimi siku ile nilikuwa nimeshashusha watoto, redio ya basi ikanyamaza, mnajua ule ukimya. Jibu la bunge lilikuwa kuruhusu wafanyakazi wa shule wenye kibali wabebe silaha. Nikamuuliza, mheshimiwa, mimi nibebe bastola na watoto 52 mgongoni? Akasema hulazimishwi.

Nyingine ya usalama ni ile ya 2024 ya kumkamata aliyewahi kufukuzwa nchini, hata kama sasa ana karatasi halali. Jaji wa shirikisho akaisimamisha Juni. Kwenye kadi ipo, kwamba jaji kaisimamisha haipo.

Na hapa sikilizeni wenye grinikadi: ukienda kuchukua leseni ya udereva watakuuliza unataka kujiandikisha kupiga kura. Jibu ni HAPANA. Usitie tiki kwa kushangaa. Ukiandikishwa na siyo raia unajiuzia tiketi ya kurudi. Subiri uape uraia. Mimi niliapa 2021, ile pasi yetu ya Tanzania ikaenda, hilo msinitoneshe.

Mwisho wa kikao akanifuata, akaniomba bili aipige picha, akanipa anwani yake ya barua pepe, akasema niandikie. Nikaandika Jumapili usiku, ndefu kuliko hii. Mke wangu akasema unapoteza bando.

Jumatatu saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri nipo yadi napasha basi joto, simu ikalia. Kajibu mwenyewe, mistari sita. Kasema asante kwa mahesabu, yule mama nimfikishie salamu, suala la kodi ya nyumba wanalifanyia kazi. Na kuhusu vocha na silaha, kasema ameelewa nilichosema na angepiga kura vilevile.

Nimeilipa ile bili jana kwa kadi. Wameongeza ada ya kutumia kadi.