Wanaotafuta mtoto nao wahesabiwe

Kwa zaidi ya miaka 30 China ilizibana familia nyingi kwa sera ya mtoto mmoja, hadi mwaka 2016 iliporuhusu watoto wawili, na mwaka 2021 ikaruhusu watatu. Baada ya ruhusa ile ya kwanza, wanawake wengi waliokwisha kuvuka miaka 35, na wengine 40, walikwenda kwenye kliniki za kupandikiza mimba kutafuta mtoto wa pili. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, na ubora wake hushuka sana baada ya umri huo. Hata yakirutubishwa maabara, umri wake ni ule ule wa mwenyewe. Katazo liliondolewa kwa tangazo, lakini miaka waliyoipoteza hakuna aliyeweza kuwarudishia.

Nayaandika haya nikiwa Mbeya kwa sababu nasi tumesikia kauli zikigeuka. Sera yetu ya Idadi ya Watu ya mwaka 1992, iliyopitiwa upya mwaka 2006, iliupa nafasi uzazi wa mpango. Mwaka 2018 Rais John Magufuli akaukosoa hadharani na kuwahimiza watu wazae. Baadaye Rais Samia Suluhu Hassan akashauri kasi ya kuzaa ipunguzwe. Mjadala wote huo uliwahusu wanaozaa, na mimi na mume wangu hatukuwamo. Katika kliniki tuliyokuwa tukihudhuria, ukuta ulijaa mabango ya vidonge, sindano, vijiti na kitanzi, wala hapakuwa na karatasi hata moja ya kumweleza aliyetafuta mtoto mwaka mzima bila kupata aanzie wapi.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita hukumbwa na ugumba katika maisha yake. Kwetu Afrika, sababu kubwa ni mirija kuziba kutokana na maambukizi ambayo yangetibiwa mapema kwa dawa za kawaida, yakiwemo yanayofuata kujifungua au mimba kuharibika. Mwanamume naye huchangia katika karibu nusu ya matatizo haya. Hata hivyo wifi yangu aliniletea mimi mizizi ya kuchemsha kutoka Mwanjelwa, na nikapigwa picha ya mirija, ambayo inauma kwelikweli, kabla ya yeyote kumwomba mume wangu kipimo cha mbegu, ambacho kinahitaji kikopo na darubini tu. Linaniudhi hadi leo, kwa kuwa najua wenzi waliouza shamba la parachichi Rungwe ili wakatibiwe Dar es Salaam, na huko ndiko mume alikopimwa kwa mara ya kwanza.

Mwaka 2023 jiji la Beijing liliingiza huduma za kupandikiza mimba katika bima ya umma. Sisi tungeweza kuanza na dogo zaidi: kila hospitali ya mkoa iwapime mume na mke pamoja tangu siku ya kwanza, na bima ilipie vipimo hivyo.