PDP-11 ya mezani, Bukavu: kuiwasha, kuizima, kuirudisha

Paneli imekamilika. Swichi 18 za anwani na data zinasomeka, taa 18 za anwani na 16 za data zinawaka kila moja mahali pake, na swichi sita za kazi zinaitika: LOAD ADRS (weka anwani), EXAM (tazama kilichomo), CONT (endelea), ENABLE/HALT (ruhusu au simamisha), START (anza) na DEP (andika kwenye kumbukumbu). Kwa hiyo leo siandiki tena juu ya mbao, waya na kulehemu. Naandika juu ya jambo lililoniingiza katika mradi huu: mfumo endeshi unaingiaje ndani ya mashine isiyojua lolote, na unarudije baada ya umeme kukatika. Hapa Bukavu, Kongo, ambako delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, ina ratiba yake isiyotangazwa, swali la pili ndilo linaloninyima usingizi.

Kwanza mashine yenyewe. PDP-11 ilitolewa na kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Maynard, Massachusetts, mwaka 1970. Ni minikompyuta ya biti 16. Ilikaa kwenye kabati moja au mawili, katika miaka ambayo kompyuta nyingine zilidai chumba kizima na watu wa kuzihudumia. Maabara, viwanda na vyuo viliweza kuinunua, na mtumiaji aliikaribia mwenyewe na kuigusa. Ken Thompson na Dennis Ritchie waliihamishia UNIX, mfumo endeshi wao, kwenye PDP-11 mwaka 1971, na toleo la sita, ninalolitumia mimi, lilitoka mwaka 1975.

Sina kabati la DEC. Nina paneli niliyoitengeneza kwa kufuata ile ya PDP-11/40, na nyuma yake kuna Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, inayoendesha SIMH, programu ya kuigiza kompyuta za zamani iliyoanzishwa na Bob Supnik, mtu aliyewahi kufanya kazi DEC. SIMH inatekeleza amri za mashine moja baada ya nyingine, rejista (visanduku vya namba ndani ya processa na vifaa) kwa rejista. Swichi nilizipata soko la Kadutu, kwa mafundi wanaovunja vifaa vya sauti na vipima umeme vya zamani. Fundi mmoja aliponiona nachagua swichi kwa kusikiliza mlio wake aliniuliza, "Kaka, unatafuta swichi ama unatafuta muziki?" Nilipomweleza kazi ya swichi hizo aliingia ndani akaniletea nyingine, ngumu zaidi, za chuma, ambazo hakuwa amezitandika mezani. Ndizo zilizoko kwenye paneli leo.

Jambo moja la waya kabla ya kusonga mbele. Swichi 24 na taa 40, pamoja na sita za hali ya mashine, haziwezi kupewa pini moja moja kwenye Pi, kwa hiyo zimepangwa kwa mistari na safu, na programu inazipitia kwa zamu haraka kuliko jicho. Kila swichi ina diodi yake, inayopitisha mkondo upande mmoja tu. Bila diodi, ukiinua swichi tatu kwa pamoja, mkondo unapita njia ya nyuma na ya nne inaonekana imeinuliwa wakati imelala. Anayetaka kutengeneza ya kwake asiziache diodi kwa kuokoa franka.

Sasa kuwasha.

Mashine ikipata umeme haifanyi kitu. Haina programu ya kuitafuta diski wala haijui kama diski ipo. Mwendeshaji ndiye anayeingiza programu ya kwanza kwa mkono, biti kwa biti. Kwa diski ya RK05, ile ya sahani moja inayobeba karibu megabaiti 2.5, maneno haya tisa (neno moja ni biti 16) yanatosha, yakiandikwa kwa namba za msingi wa nane:

012700
177412
005040
010040
012740
000005
105710
002376
005007

Baiti 18 tu. Nimeyaandika kwa kalamu kwenye kipande cha katoni kilichobandikwa ubavuni mwa paneli, lakini sikihitaji tena, kwa sababu nikishaelewa kila neno linafanya nini halikutoka kichwani.

Neno la kwanza na la pili yanaweka 177412 katika rejista R0. Hiyo ni anwani ya mahali ambapo kidhibiti cha diski kinashika namba ya silinda na sekta. Tangu hapo programu inatembea kinyumenyume. 005040 inarudi hatua moja, hadi 177410, na kupafuta: maana yake data itakayosomwa itaingia kwenye kumbukumbu kuanzia sifuri. 010040 inarudi tena, hadi 177406, mahali pa kuandikia idadi ya maneno yatakayosomwa. Idadi hiyo hutakiwa iandikwe kama namba hasi, na hapo ndipo ninapomvulia kofia aliyetunga programu hii: hakutafuta namba yoyote mpya. Alichukua anwani iliyomo tayari ndani ya R0, akaiandika hiyo hiyo. Ikisomwa kama namba hasi ya biti 16, ni karibu 250 pungufu ya sifuri. Basi diski inasoma maneno karibu 250, na kianzishi cha UNIX kinaenea humo. Anwani imefanya kazi ya hesabu, na neno zima limeokolewa.

Kisha 012740 na 000005 yanarudi hadi 177404, rejista ya amri, na kuandika 5: soma, anza sasa. 105710 inatazama kama kidhibiti kimemaliza, 002376 inairudisha itazame tena kama bado. Mwisho 005007 inafuta rejista inayoonyesha amri inayofuata, na kwa kuifuta mashine inarukia anwani sifuri, pale pale diski ilipomwaga mzigo wake.

Mimi huyapanda maneno haya kuanzia anwani 002000 ili yasifunikwe na kinachosomwa. Unaweka 002000 kwenye swichi, unabonyeza LOAD ADRS, halafu neno la kwanza, DEP. Swichi ya DEP huinuliwa juu wakati nyingine za kazi husukumwa chini, na ukiitumia kwa muda unaona faida yake, kidole kilichoteleza hakiandiki juu ya kumbukumbu kwa bahati mbaya. Kila ukiinua DEP tena, anwani inasogea mbele kwa mbili yenyewe. Swichi zimepakwa rangi mbili zinazopishana kila tatu, kwa hiyo tarakimu moja ya msingi wa nane ni kundi moja la rangi, na mkono unazoea umbo: 7 zote juu, 5 ya kati chini. Baada ya tisa narudi 002000 na kupitia kwa EXAM nikitazama taa. Kisha LOAD ADRS ya mwisho, ENABLE, START.

Kwenye skrini inatokea alama ya @, peke yake.

Hapo ni kianzishi cha diski kinachouliza jina la faili. Naandika rkunix, na sekunde hiyo hiyo kiini cha UNIX kinapanda, kinachapa ukubwa wa kumbukumbu, kisha login. Alama ya # inafuata kwa root, mtumiaji mkuu, bila neno la siri. Ukitaka kubadilisha saraka ni chdir, kwa sababu cd bado haijazaliwa. Kuiweka UNIX kwenye diski kutoka tepu sitakueleza kwa urefu: unaanzisha tepu, inakupa alama ya =, unaita tmrk, programu ya kunakili kutoka tepu kwenda diski, na kunakili vipande viwili. Ilikwenda bila shida.

Kinachostahili muda ni swichi zile zile zikiwa na kazi ya pili. UNIX ya toleo la sita, inapoamka, inasoma paneli. Ikikuta swichi zimekaa 173030, haiwaiti watumiaji. Inampa mwendeshaji ganda (shell, programu inayopokea amri) moja tu kwenye konsoli, diski ikiwa imetulia, ili atengeneze kilichoharibika. Akimaliza anabadilisha swichi, anatuma Control-D, na mfumo unaendelea kuwafungulia wengine. Napenda sana uamuzi huu. Mlango wa ukarabati uko kwenye chuma, mbele ya macho, na aliye karibu na mashine ndiye mwenye ufunguo.

Nimeuhitaji kweli. Umeme ulikatika wakati natafsiri programu ya C, kabla sijaweka betri. UNIX haiandiki kila kitu diskini papo hapo. Inakaa na vipande kwenye kumbukumbu, na mchakato unaoitwa update huvimwaga kila sekunde 30. Kuzima kwa adabu ni kuandika sync, amri ya kuvimwaga vyote diskini, kungoja, na kushusha HALT. Amri ya kuzima haipo. Umeme hauandiki sync. Uliporudi niliamsha kwa 173030 na kuita icheck, programu inayokagua vipande vya diski, juu ya /dev/rk0, yaani diski kuu. Ilitaja vipande ambavyo havimo ndani ya faili yoyote na havimo kwenye orodha ya vilivyo huru, vimepotea katikati. Tiba ni icheck -s, inayojenga upya orodha ya vipande huru.

Hapa anayejifunza afungue macho. Baada ya icheck -s kwenye diski kuu, usiandike sync. Nakala ya zamani ya orodha, ile mbovu, bado iko kwenye kumbukumbu ya kiini, na sync itaiandika juu ya hiyo mpya uliyoijenga sasa hivi. Unashusha HALT papo hapo na kuanza upya kutoka kwenye maneno tisa. Amri ile ile inayookoa diski kila siku ndiyo inayoiua siku hiyo. Baada ya icheck nilipitisha dcheck kuhakiki saraka, na faili zote zilikuwepo isipokuwa ile iliyokuwa inaandikwa.

Tangu siku hiyo paneli inakula umeme wa betri ya volti 12 kupitia kipunguza volti, na diski ya Pi yenyewe imefungwa isiandikwe, isipokuwa sehemu ndogo yenye picha za RK05, yaani faili zinazoshika yaliyomo kwenye diski hizo. Lakini betri ni kinga ya Pi. Nilitaka kujua mashine ya 1970 ingejikinga vipi, na jibu lake limenifurahisha kuliko yote niliyoyagusa hadi sasa.

Kumbukumbu ya PDP-11 za kwanza ilikuwa pete ndogo za feriti zilizosukwa kwenye waya, pete moja kwa biti moja. Kinachohifadhiwa ni mwelekeo wa sumaku, na sumaku haihitaji umeme ili ibaki. Ukizima leo ukawasha kesho, yaliyomo yapo, kama kaa lililofukiwa majivuni. Ndiyo maana mwendeshaji wa wakati ule hakuingiza kianzishi kila asubuhi. Kama hakuna programu iliyokifunika, aliita anwani yake na kubonyeza START. Baadaye DEC waliuza pia kadi za ROM, kumbukumbu ya kusoma tu, ambazo maneno yake yalifungwa kwa diodi.

Juu ya hilo wahandisi waliongeza mtego wa umeme. Ugavi wa umeme unapohisi volti inashuka, processa inaacha ilichokuwa ikifanya na kwenda kwenye anwani iliyoandikwa katika neno la 24, kwa msingi wa nane. Inabakiwa na milisekunde 2. Kwa mashine inayotekeleza amri moja kwa mikrosekunde chache, huo ni muda wa mamia ya amri: sukuma R0 hadi R5 kwenye rundo (stack, sehemu ya kumbukumbu ya kuwekea vitu kwa muda), hifadhi kielekezi cha rundo mahali panapojulikana, andika ndani ya 24 anwani ya programu ya kuamka, kisha HALT. Umeme ukirudi, mashine inapita tena 24. Sasa inakuta anwani ya kuamka, inarudisha rejista zote kwa mpangilio wa kinyume, inaweka tena anwani ya kwanza, na RTI, amri ya kutoka kwenye mtego, inairudisha kwenye amri ile ile ilipokatiwa.

Nimeigiza hilo. Waya mmoja unatoka kwenye chaja ya betri hadi Pi, ukisema kama umeme wa mji upo. Niliongeza mistari michache katika kodi ya SIMH: waya ukilala, mtego wa 24 unaamka, amri zinatekelezwa hadi HALT, kisha SAVE inaandika hali nzima ya mashine kwenye faili, kwa niaba ya zile pete za feriti. Umeme ukirudi, RESTORE, halafu mtego tena.

Programu ya majaribio inahesabu na kuchapa namba kwenye skrini. Niliiacha inakwenda na sikuchomoa kitu. Nilingoja delestaji yenyewe. Ilikuja jioni, mtaa mzima wa Essence ukazimika. Namba ya mwisho ilikuwa 004127. Uliporudi, mdogo wangu aliyekuwa karibu na meza ndiye aliyeisoma kwa sauti: 004130. Kwa msingi wa nane hiyo ndiyo inayofuata.

Kuhesabu ni kazi nyepesi, kwa sababu hali yote imo ndani ya rejista na kumbukumbu. Diski ni suala jingine. Umeme ukikatika RK05 ikiwa katikati ya kusoma, kidhibiti kinasahau amri yake, na programu iliyorudishwa kikamilifu itangoja jibu ambalo halitakuja. UNIX ya toleo la sita haikuandikiwa hali hiyo. Ikinaswa na mtego wa 24 inasimama. RSX-11M, mfumo endeshi wa DEC wenyewe, imeandikiwa: kila kiendeshi cha kifaa kina mlango wake maalumu unaoitwa baada ya umeme kurudi, ili kianzishe upya kazi iliyokatika. Picha yake ya diski ninayo tayari. Inayofuata ni kuipandisha kwenye paneli, kuanza kunakili faili kubwa kutoka diski moja kwenda nyingine, na kungoja jioni.